Kalamu na rangi, au brashi peke yake? Kuchagua njia ya kuchora majengo ya kale kwa rangi za maji

Jengo la kale hushikwa kwenye karatasi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kalamu: unachora kwa wino usioyeyuka, kisha unatandaza rangi nyepesi juu yake. Mstari unabeba umbo, rangi inausindikiza. Ya pili ni ya brashi peke yake: hakuna mstari unaobaki kuonekana, na ukuta unajulikana kuwa ukuta kwa sababu upande mmoja una mwanga na wa pili una kivuli. Wengi huchagua kwa kuuliza ipi ni rahisi. Swali hilo halisaidii, maana ugumu wa njia hizi ni sawa, umekaa tu mahali tofauti. Anayefaa kuulizwa ni jengo lenyewe: umbo lake limo kwenye mistari au kwenye vivuli?

Waingereza wawili wa rika moja wanaionyesha tofauti hiyo vizuri. Samuel Prout (1783–1852) alichora miji mikongwe ya Ulaya kwa kalamu ya tete, kwa mstari uliokatikakatika na kutetemeka, hata jiwe lililoliwa na mvua likaonekana limeliwa kweli. John Sell Cotman (1782–1842) alishika njia nyingine. Katika picha yake ya daraja la mto Greta, ya mwaka 1805 hivi, mawe, miti na maji ni vipande bapa vya rangi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikiishia pale kinapoanza kingine. Ukitazama kazi za hawa wawili kwa nusu saa, utakuwa umeshajua mkono wako unavutwa wapi.

Lifinyie jengo macho

Simama mahali utakapochorea, finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Ikiwa jengo bado limesimama, yaani unaona wazi pande zake mbili, kivuli cha paa na shimo la mlango, brashi inatosha. Ikiwa limegeuka doa moja la kijivu lisilo na mbele wala ubavu, chukua kalamu. Ndiyo maana jengo lilelile laweza kutaka njia mbili kwa siku moja: saa tatu asubuhi, jua likiwa la ubavuni, ni la brashi, mawingu yakitanda, ni la kalamu.

Uso uliojaa nakshi, kama vile mlango wa kuchongwa, vyuma vya roshani au maandishi juu ya lango, huelekea kalamu hata jua likiwa zuri. Nakshi ambayo kwenye karatasi ina upana wa milimita mbili haielezeki kwa brashi bila kuvimba. Ngome, mnara wa taa, ghala la mawe na kuba huelekea brashi, kwa kuwa uzuri wake ni uzito, na uzito hauchoreki kwa mstari.

Kuna pia suala la saa. Jua husogea nyuzi 15 kila saa. Kwa mwenye kalamu hilo ni jambo dogo, kwani mistari ya jengo haihami. Kwa mwenye brashi ndicho chanzo kikuu cha picha zisizoeleweka: alianza na kivuli cha saa tatu, akamalizia na cha saa tano, na sasa jengo lina majua mawili. Dawa yake ni kuchora kingo za vivuli kwa penseli ndani ya dakika kumi za mwanzo, kuweka mshale mdogo nje ya picha kuonyesha jua linatokea wapi, na kutovigusa tena hata vikihama mbele ya macho yako.

Penseli, pale njia zote mbili zinapoanzia

Hapa hakuna cha kuchagua. Mchoro uliopinda hauokolewi na wino wala rangi. Tumia HB au 2B iliyochongwa vizuri. Penseli ngumu kama 2H huacha mfereji kwenye karatasi, na rangi ikishaingia humo mstari mweusi unaotokea hautoki. Penseli laini kupita 4B huacha vumbi linaloichafua rangi ya njano kuliko zote.

Anza na mstari wa macho, yaani kimo cha macho yako mwenyewe pale ulipo, ukatize karatasi yote. Mistari ya mlalo ya jengo iliyo juu ya macho hushuka kadiri inavyokwenda mbali, na iliyo chini yake hupanda. Kisha chagua kipimo kimoja, mlango kwa kawaida ndio bora, ukipime kwa penseli na mkono ulionyooka, halafu hesabu jengo lina milango mingapi kwenda juu na mingapi kwenda pembeni. Kosa la karibu kila anayeanza ni kurefusha madirisha na kufupisha ukuta ulio kati ya dirisha na paa, kwa sababu jicho hupenda madirisha na kuruka ukuta mtupu.

Kwa ukuta unaokwenda mbali, kati yake haipatikani kwa rula. Chora X kutoka pembe hadi pembe; pale mistari inapokatana ndipo kati ilipo, na itakuwa karibu zaidi na upande wa mbali. Tao hufuata kanuni hiyohiyo. Kilele chake kinakaa juu ya makutano ya X, si katikati ya upana uliopimwa kwenye karatasi. Matao mengi yanayoonekana kuanguka kwenye picha yamekosa jambo hili moja tu.

Tofauti ndogo iliyopo ni hii: kwa kalamu penseli inaweza kuwa ya mifupa tu, kwa vile wino utaongeza mengine, kisha ufute. Kwa brashi penseli lazima ionyeshe kila kingo ya mwanga na kivuli, hata zile zisizo kingo za jengo.

Karatasi

Njia hizi huachana hapa, na makosa ya hapa ndiyo ghali, kwa kuwa hugunduliwa picha ikiwa nusu.

Karatasi ya rangi za maji huuzwa kwa sura tatu: laini iliyobanwa kwa moto, ya wastani iliyobanwa kwa baridi, na ya kukwaruza. Kalamu hutaka ya laini, au ya wastani isiyo na vishimo virefu. Kwenye ya kukwaruza ncha huruka vishimo, mstari unakuwa wa nukta, na ncha ya chuma hung'oa nyuzi zinazoziba mkondo wake. Brashi hutaka ya wastani au ya kukwaruza, maana vishimo vyake vinapokea chembe za rangi na kukupa uso wa jiwe au lipu ya zamani bila wewe kuuchora. Ukitandaza rangi nyingi kwenye karatasi laini, inatiririka juu juu, inakauka kwa madoa yenye kingo ngumu, na ukuta wote unaonekana umelowa.

Uzito: gramu 300 kwa mita ya mraba ndio mwanzo wa kazi ya brashi. Chini ya hapo karatasi hujikunja mabonde, rangi hukusanyika mabondeni, na mbingu inakauka ikiwa na mistari. Hata ya gramu 300 hujikunja ukiilowesha yote, kwa hiyo ivute: itumbukize kwenye maji dakika tano hadi kumi, ilaze juu ya ubao, zungushia tepe ya karatasi yenye gundi ya kulowesha, uiache ikiwa imelala mpaka ikauke kabisa. Ukiisimamisha ikiwa mbichi, maji hushuka upande mmoja na tepe ya upande huo huachia. Karatasi ya gramu 640 haihitaji kuvutwa. Mwenye kalamu anayetandaza rangi kidogo kidogo anaweza kufanya kazi kwenye gramu 200 bila shida kubwa.

Kwa brashi usibane matumizi kwenye pamba. Karatasi ya pamba tupu huvumilia kufutwa, kuloweshwa tena na kuwekwa tabaka la tatu. Ya massa ya mti huchubuka kwenye tabaka la pili. Kwa kalamu faida hiyo ni ndogo.

Jambo moja linalosahaulika ni gundi iliyomo kwenye karatasi, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasizame mara moja. Karatasi iliyokaa miaka kwenye unyevu huipoteza. Dondosha tone la maji pembeni: likikaa juu kwa muda kabla ya kuzama, karatasi ni nzima. Likinyonywa papo hapo, wino utatambaa kama mizizi na rangi itakauka ikiwa imefifia. Karatasi hiyo itumie kwa penseli.

Kazi ya kalamu

Neno linalotafutwa kwenye chupa au kalamu ni kwamba wino ni wa chembe na haupitishi maji. Wino wa rangi ya kuyeyuka huvuja mara tu brashi mbichi inapopita, na njano ya ukuta inageuka zambarau chafu. Hata wino mzuri upime: piga mstari mnene kwenye kipande cha karatasi ileile, subiri dakika kumi na tano, pitisha brashi yenye maji. Kwenye karatasi yenye gundi nyingi wino hukauka polepole kuliko kwenye daftari, na mstari mnene hukawia zaidi ya mwembamba. Wino wa China wenye shelaki, utomvu unaokauka ukawa mgumu, ni wa kalamu ya kuchovya tu. Ukiutia kwenye kalamu ya kujazwa wino, utaganda ndani na kalamu imekwisha.

Ncha tatu zinatosha: milimita 0.5 kwa vilivyo karibu na kingo za upande wa kivuli, 0.3 kwa sehemu kubwa ya jengo, 0.1 kwa vya mbali. Anayetumia ncha moja kila mahali hupata picha ya kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Kosa la pili ni kufunga kila mstari. Kwenye kingo iliyoelekea jua mstari ukatike, hata upotee kabisa kwa sentimita nzima, jicho litaumaliza. Kosa la tatu ni matofali. Usichore matofali yote. Chora makundi machache pale mwanga unapokutana na kivuli na kwenye pembe zilizobomoka, tuseme tofali moja kwa kila kumi, kisha uache. Ukuta uliochorwa matofali yote husogea mbele na kuumeza mlango.

Rangi juu ya wino iwe nyembamba na ya kupitisha mwanga. Rangi nzito zinazoficha, kama za kadimiamu na seruleani, bluu ya anga (PB35, namba ya rangi iliyoandikwa kwenye tyubu), hufunika wino mweusi kwa utando wa kijivu, na mistari inaonekana ina vumbi. Matabaka mawili yanatosha: rangi ya jumla, kisha kivuli. Kwa jengo la mawe ya rangi ya joto, wino wa kahawia hukaa vizuri kuliko mweusi, ambao huwa mkali mno kwenye ukuta wa chokaa.

Kazi ya brashi

Hapa mpangilio ndio kila kitu, na hauvumilii haraka.

Inamisha ubao nyuzi 15 hivi. Changanya rangi ya ukuta wenye mwanga, mara mbili ya kiasi unachodhani kinatosha, kwa sababu ukiishiwa katikati na kusimama kuchanganya nyingine, kingo ya pale uliposimama itakauka na kubaki kama mstari wa mafuriko ukutani. Kwa brashi ya mviringo namba 12 au bapa ya milimita 25, tandaza kutoka juu kwenda chini juu ya jengo zima, ukuta, milango na upande wa kivuli pamoja, ukiacha karatasi nyeupe pale tu penye mwanga mkali kabisa. Ukifika chini nyonya tone lililokusanyika kwa brashi kavu, la sivyo litarudi juu na kufanya doa lenye umbo la koliflawa.

Subiri. Ligusie kwa mgongo wa vidole: karatasi ikiwa baridi, bado ni mbichi hata kama haing'ai. Pale penye hewa nyevu tabaka moja laweza kutaka nusu saa. Kwenye jua kali hukauka kabla hujafika chini, na hapo inakupasa kulowesha ukuta kwa maji safi kwanza.

Tabaka la pili ni kivuli, nalo ndilo picha yenyewe. Changanya ultramarini, ambayo ni bluu (PB29), na siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia nyekundu (PBr7): ultramarini ikizidi unapata kijivu baridi cha kivuli cha nje, siena ikizidi unapata joto la ndani ya matao. Ifanye iwe nzito kuliko unavyothubutu, kwa kuwa rangi za maji hukauka zikiwa hafifu kuliko zilivyo mbichi. Kisha paka vivuli vyote kama umbo moja lililoungana: chini ya paa, upande wa jengo, ndani ya mlango, hadi kivuli kinacholala ardhini, bila kuinua brashi kila kitu kinapobadili jina. Rangi ikingali mbichi, dondosha siena kidogo karibu na ardhi na chini ya roshani. Huo ni mwanga unaorudi kutoka chini, na bila huo kivuli kinakufa. Ukuta mweupe kwenye kivuli huwa wa zambarau ya kijivu, ukiwa na bluu zaidi sehemu inayotazama mbingu. Anayeupaka kijivu kitupu hupata ukuta wa saruji.

Tabaka la tatu ni giza chache: ndani ya madirisha, bawaba, nyufa. Usizidishe. Dirisha halipakwi rangi moja; juu, chini ya kizingiti, huwa na giza zaidi kuliko chini.

Tope hutokea kwa sababu mbili tu: kuchanganya rangi nyingi mno kwa pamoja, au kurudia kusugua tabaka ambalo halijakauka. Ya pili ndiyo ya kawaida. Ukishapiga brashi, ondoka.

Kuhusu uimara wa rangi, tazama namba iliyo kwenye tyubu. Alizarini ya kale, nyekundu iliyokolea (PR83), hufifia kwenye mwanga, na kwa kuwa wengi huitia kwenye vivuli, baada ya miaka kivuli hugeuka kijani. Kwinakridoni (PV19) inashika nafasi yake vizuri.

Kosa likitokea

Wino haufutiki. Mstari uliokosea unaweza tu kuongezewa mwenzake ulio sahihi, na mara nyingi hali hiyo haidhuru: michoro ya kalamu huvumilia mistari miwili miwili. Rangi inafutika kwa kiasi. Ultramarini hunyanyuka ukiilowesha na kunyonya kwa tishu, siena iliyochomwa vivyo hivyo. Bluu ya thalo (PB15) hupenya nyuzi na kubaki. Kwa hiyo usiiweke thalo mahali ambapo bado unafikiria.

Taa au waya uliosahau kuuacha mweupe huokolewa kwa guashi nyeupe kidogo, yaani rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga. Gundi ya mpira ya kuzibia ni nzuri kwa vyuma vyembamba vya roshani, ila itolewe siku ileile, karatasi ikiwa kavu kabisa. Ikikaa sana au ikipigwa na joto hung'oka na uso wa karatasi.

Picha ni ya nini?

Anayetaka kumbukumbu, idadi kamili ya madirisha, umbo la kila kizingiti kabla jengo halijabomolewa au kukarabatiwa, achukue kalamu. Kazi hiyo ina heshima yake. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Uingereza ilianzisha mpango ulioitwa Recording Britain, kuwalipa wachoraji wachore majengo na mandhari yaliyohofiwa kutoweka. Kamera zilikuwapo, lakini waandaaji walichagua rangi za maji, na zaidi ya picha 1,500 zilizotokana na mpango huo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Picha ndogo na ya kuchapwa pia ni ya kalamu. Kwenye kadi ya sentimita 10 kwa 15 mstari unabaki imara, ilhali ule uzuri wa chembe zilizotulia kwenye karatasi unapotea. Iskani kwa nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa uleule, 600 ukitaka kuikuza mara mbili. Picha ya ukutani, kuanzia nusu ya karatasi kamili (sentimita 38 kwa 56), ni ya brashi. Mtu akiitazama kutoka upande wa pili wa chumba, mistari haimfikii, vivuli vinamfikia. Iwekwe nyuma ya kioo kisichoigusa, mbali na dirisha. Makumbusho mengi hayavuki mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi.

Kwa muda, kalamu humaliza jengo la wastani kwa dakika arobaini papo hapo. Brashi hutaka saa mbili, nusu yake ukingoja. Ukichorea nyumbani kwa picha ya simu, brashi hupata hasara zaidi: kamera hugeuza vivuli kuwa giza tupu, na kuta ndefu zilizopigwa kutoka chini huinamiana juu. Kuta hunyooshwa kwa penseli. Rangi iliyokuwa ndani ya kivuli hairudi, ila kama uliiandika pembeni ya karatasi ulipokuwa pale.

Kuchanganya njia mbili

Inawezekana, mradi moja iwe kubwa. Nusu kwa nusu huharibu zote: wino unafunga kingo ambazo brashi iliziacha wazi makusudi, na mwanga unazimika. Njia inayofanya kazi ni kuanza na brashi mpaka tabaka la pili likauke kabisa, kisha kuingia na ncha ya 0.1 ndani ya vivuli tu, kwenye bawaba, nakshi na nyufa. Upande wa jua kalamu isiguse kitu, hata kama kingo ya paa inaonekana kukuomba mstari.